Toba Isiyorudisha Kihamba: Msamaha na Makosa Katika Sharika za Kilimanjaro

Mkulima wa Uchaggani akitaka kujua kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, kinaishia wapi, hutazama masale, mimea yenye majani marefu iliyopandwa mpakani tangu enzi za mababu. Kung'oa isale la mpakani ni kosa zito. Hata hivyo, mtu aliyekosa, awe amesogeza mpaka au amemtukana mkwewe, huchuma jani la mmea huohuo, akalifunga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea. Kwa mila, anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusikiliza, hata ugomvi uwe mkubwa namna gani.

Lakini jani halimalizi shauri. Baada yake wazee hukaa, kosa likatajwa, mpaka ukarudishwa ulipokuwa, kinachodaiwa kikalipwa, ndipo mbege, pombe ya ndizi, hunywewa. Mada hii inashikilia kwamba Wakristo wa mlimani wameishika sana sehemu ya kwanza, ile ya kuomba, na kuilegeza ya pili. Zakayo wa Luka 19 hakuishia kwenye samahani. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mathayo 5 inamwagiza mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Desemba inaonyesha vizuri tatizo lilipo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam huwashusha watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi Moshi mjini, Himo na Marangu Mtoni, mbuzi huchinjwa, na vikao vya ukoo hukaa. Hapo ndipo mjane anapoeleza kwamba shemeji yake amesogea hatua kadhaa ndani ya migomba yake. Shemeji anasema, "Kama nimekosea, nisameheni." Mtu anasali, wengine wanaitikia amina, na mjane anaambiwa asiwe na moyo mgumu siku ya Krismasi. Migomba inabaki kwa shemeji. Aliyedhulumiwa ndiye anayebebeshwa mzigo wa kusamehe, huku mwenye kosa akiondoka bila kujifunza lolote, na mwaka unaofuata akisogea tena.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyasikiliza mashauri ya aina hiyo kwa miaka mingi. Kitabu chake cha sheria za Wachagga kilichapishwa mwaka 1926, na huko Old Moshi alijaribu kuujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Inawezekana aliipenda mno mila, lakini alielewa kwamba upatanisho unahitaji watu wanaoujua mpaka wenyewe.

Kanisa lina utaratibu wake: kutengwa, kutubu mbele ya usharika, kurudi kundini. Kinachotia shaka ni makosa yapi yanafikishwa huko. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa husimamishwa mbele ya watu. Aliyempa mimba mara nyingi hayupo hata kwenye benchi la nyuma. Msogeza mipaka anaendelea kuimba kwaya.

Makosa makubwa zaidi nayo hayajakaliwa kikao. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi (mtawala) Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha mafuvu 3 yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai Tanzania. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Novemba 1 mwaka huohuo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa maovu ya ukoloni akiwa Songea. Yalikuwa maneno mazuri, na yalisemwa mbele ya watu. Familia za Kilimanjaro, hata hivyo, zilikuwa zikidai mifupa.

Wakristo wa Moshi hawapaswi kumalizia lawama kwa Wajerumani tu. Wanahistoria wanazitaja fitina za Mangi Marealle wa Marangu miongoni mwa sababu zilizompeleka Meli kitanzini, na hilo halizungumzwi sana kwenye mahubiri.

Mapendekezo kwa washiriki si mengi. Baraza la wazee la kila usharika liyasikilize mashauri ya vihamba kabla ya Krismasi, mwenye kosa akitaja alichofanya, atakachorudisha na tarehe ya kukirudisha. Shauri la mimba liwaite wote wawili, la sivyo lisiitwe. Na watoto wa kipaimara wa Old Moshi na wa Marangu wafundishwe habari za mwaka 1900 wakiwa darasa moja, fitina ya mangi kwa mangi ikiwemo, maana koo za pande hizo zimeoana na kuzikana kwa zaidi ya karne moja.