Soko la Dirishani



Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, yapata kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Wazee waliosafiri daraja la tatu huikumbuka kwa hamu. Abiria aliijua nchi kwa vilivyouzwa dirishani: dagaa na mawese Kigoma, chumvi Uvinza, asali Tabora. Chakula kiligawanwa, na mtoto alipakatwa na asiyemjua.

Hata hivyo, utamu huo usifiche uchungu. Mama muuza asali alikuwa na dakika chache tu. Filimbi ilipolia, aliuza kwa bei ya abiria, ama alirudi na mzigo wake kichwani. Jirani yake alikuwa mshindani wake.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hufika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, nayo madirisha yake hayafunguliwi. Reli hiyo inajengwa kuelekea Tabora. Basi chama cha msingi kipokee asali ya wanachama kwa mizani na stakabadhi, kiipange kwa madaraja, kisha kitafute mnunuzi mapema. Hapo mama yule hataikimbilia filimbi tena.