Itengenezwe na Nani? Mazungumzo kuhusu Mawasiliano Kazini



Katika daftari la mihutasari la chombo chochote cha kijiji, si vigumu kukuta sentensi ya namna hii: “Ilikubaliwa kuwa pampu itengenezwe haraka.” Ni Kiswahili fasaha, kisicho na kosa la sarufi wala la tahajia. Hata hivyo, fundi akiisoma hajui kama ni yeye aliyeagizwa. Mhazini hajui kama ameruhusiwa kutoa fedha. Mwenyekiti anadhani mtendaji anafuatilia, naye mtendaji anadhani mwenyekiti amekwisha kumpigia fundi simu. Wiki tatu zinapita, akina mama wanaendelea kwenda mtoni na ndoo, na katika kikao kinachofuata inaandikwa tena kwamba pampu itengenezwe, safari hii “haraka iwezekanavyo.”

Kiswahili kimejaliwa kauli ya kutendwa, nayo ina kazi yake nzuri: humwezesha msemaji kutaja jambo bila kumtaja mtu, na kwa njia hiyo huepusha aibu na ugomvi. Lakini kauli hiyo ikihamia kwenye muhtasari wa kikao, humficha mwenye wajibu. “Ifuatiliwe,” “lishughulikiwe,” “ziwasilishwe”: kila mmoja barazani huondoka akiamini kuwa kuna mwingine aliyepewa kazi hiyo.

Uamuzi huohuo ungeweza kuandikwa hivi: “Fundi ataifungua pampu ya kisima cha shuleni Jumatatu na kumweleza katibu kipuri kilichoharibika. Mhazini atatoa fedha ya kipuri hicho kabla ya Jumatano. Katibu atatoa taarifa kwa mwenyekiti siku ya Ijumaa.” Hakuna neno gumu hapo. Kuna mtu, kazi na siku. Anayedhani kwamba mawasiliano ya kazini ni kujifunza maneno makubwa ya ofisini amekwisha kupotea njia kabla hajaanza safari.

Mfano wa maji umetajwa kwa sababu. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji vijijini husimamiwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya uangalizi wa RUWASA. Kwa hiyo vijana wa kijijini ambao jana walikuwa wateja wa kisima, leo ni wasoma mita, mafundi na watunza hesabu. Wameajiriwa, na kazi yao, kama kazi yoyote, inategemea taarifa.

Mkazi au mlinzi wa mtambo anapopiga simu na kusema “maji hakuna,” amesema kweli, lakini hajamsaidia fundi. Fundi anayejua kwamba mota inazunguka ilhali maji hayapandi hubeba vifaa tofauti na fundi aliyeambiwa kwamba mota haiwaki kabisa. Taarifa yenye manufaa hutaja ni mtambo gani, tatizo lilianza lini, nini kilionekana au kusikika, na nini kimekwisha kujaribiwa. Aliyejaribu jambo likaharibika zaidi naye aseme. Hapo ndipo watu wengi hunyamaza, na ukimya huo humgharimu fundi safari ya pili ya pikipiki kufuata kipuri ambacho angeweza kuja nacho.

Kuna kikwazo kingine, na hiki hakitokani na uzembe bali na malezi mema. Kijana aliyefundishwa kumwamkia mkubwa na kutomkatiza anapozungumza huona taabu kumwambia msimamizi wake, “Samahani mzee, sikuelewa.” Huitikia “ndiyo,” kisha huenda kuuliza wenzake msimamizi alimaanisha nini.

Gharama ya ukimya wa namna hiyo ilionekana mbali na hapa, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife nchini Hispania. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, na watu 583 wakapoteza maisha. Kulikuwa na ukungu, na sauti za redio ziliingiliana. Rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye uzoefu mwingi na heshima kubwa kazini, alianza kuondoka kabla ya kupewa kibali. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege hiyo aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Rubani alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na swali halikurudiwa. Baada ya ajali hiyo, sekta ya usafiri wa anga ilibadili mengi: maneno ya redio yalibanwa ili yasiwe na maana mbili, urudiaji wa maagizo ukakaziwa, na wasaidizi wakafundishwa kusema wanapoona hatari, hata mbele ya mkubwa wao.

Kisima si ndege, lakini desturi ya kurudia agizo haihitaji mtambo wowote. “Naomba nirudie nilivyosikia, mama: nipeleke vitabu vya risiti kwa mhasibu leo, na nakala nibaki nayo.” Sentensi hiyo ina heshima yote inayotakiwa, nayo humpa msimamizi nafasi ya kusema, “Hapana, nakala zote mbili ziende.” Msimamizi naye ana wajibu wake. Akimkemea anayerudia, hatarudiwa tena, na makosa yatakayofuata yatakuwa na mkono wake.

Upande wa maandishi, hasara kubwa huonekana katika maombi ya mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mradi mzuri wa kuku huweza kuandika ukurasa mzima kikieleza ugumu wa maisha na kumwomba afisa “awaangalie kwa jicho la huruma,” bila kutaja idadi ya vifaranga, gharama ya chakula hadi wauzwe, mnunuzi ni nani, wala marejesho yatatoka wapi. Ugumu wa maisha ni wa kweli. Lakini afisa anayepitia andiko anatafuta jinsi fedha itakavyozaa na kurudi, ili kikundi kingine nacho kikopeshwe. Na muhtasari wa kikao kilichoridhia mkopo ukikosa majina na saini za waliohudhuria, kikundi hurudishwa kuanza upya, pengine kwa nauli ya kukopa.

Kichwa cha barua nacho kifanye kazi. “YAH: MAOMBI” hakimwelezi karani wa masijala barua hiyo iingie jalada gani. “YAH: MAOMBI YA MKOPO WA KIKUNDI CHA VIJANA WAFUGA KUKU” humfikisha mwandikiwa kwenye jambo kabla hajafungua miwani. Kijana anayeandika barua ya kazi afanye vivyo hivyo: ataje nafasi anayoiomba, kisha aeleze alichowahi kufanya kwa mikono yake, hata kama ni kutunza daftari la kikoba cha mama yake kwa miaka miwili bila hesabu kupishana. Hilo lina uzito kuliko kudai kwamba yeye ni mchapakazi mwenye bidii, kwani hakuna aliyewahi kuandika kuwa ni mvivu.

Kuhusu makundi ya simu, neno moja latosha: ujumbe wa sauti wa dakika nne hauwezi kuwa kumbukumbu ya uamuzi. Uamuzi uandikwe, hata kwa mistari miwili.

Ujuzi huu hauhitaji kusubiri semina. Katibu anaweza kuanza katika kikao kijacho kwa kusoma maamuzi kabla watu hawajasimama, na kila aliyetajwa akaitikia kwamba amesikia kazi yake na siku yake. Mkutano Mkuu wa Kijiji nao, unaopaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ajenda ikifika kwenye “yatokanayo,” na ikasomwa kwamba jambo fulani lishughulikiwe, mkazi yeyote anaweza kunyoosha mkono na kuuliza: na nani, na kufikia siku gani?