Kumi na Watano

Kila Jumamosi huku Jericho, Umoja na Kayole vijana wetu huinamia simu wakipanga timu ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza: wachezaji 15, kwa pauni milioni 100 za kuwaziwa tu, wasizidi 3 wa klabu moja. Nahodha huhesabiwa pointi maradufu. Kazi hii yataka akili, nasi hatuidharau. Lakini wengine huchangishana fedha za kweli, na mara nyingine ni kodi ya nyumba.

Samweli alipitishiwa wana 7 wa Yese. Daudi hakutajwa na baba yake mpaka alipoulizwa. Na huyu wetu aliye kibarazani, ni nani kati yetu amemwuliza wiki hii amemweka nani nahodha?