Chenga za Makaa Bustanini

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Leo tuongee kuhusu chenga za makaa, zile zinazobaki chini ya gunia na ambazo wengi tunazimwaga nje ya mlango. Nasema chenga, si majivu. Majivu ni mabaki baada ya moto kula kila kitu. Makaa ni mti ulioungua kwa hewa kidogo, ukabaki mweusi. Yakiwekwa shambani, wataalamu huyaita bayochari.

Makaa yana chakula kidogo sana cha mmea. Kazi yake ni kushika. Kaa lina vitundu vingi mno, na vingine huvioni kwa macho. Juu ya kuta za vitundu hivyo kuna chaji hasi. Amoniamu inayotoka kwenye samadi, potasiamu na kalsiamu zina chaji chanya, na hasi na chanya huvutana. Mvua ikinyesha, sehemu ya chakula hicho hunata pale mpaka mzizi uje kukichukua. Wewe mwenye kijibustani cha kichanga kando ya nyumba unajua mvua moja inavyoondoka na samadi yako yote. Naitreti, hata hivyo, haishikwi sana, kwa hiyo samadi bado utaihitaji.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi hukata tamaa. Ukimwaga chenga kavu moja kwa moja kwenye mchicha, au lengalenga kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, majani yanaweza kuwa ya njano. Vile vitundu ni vitupu, na vinaanza kujishibisha vyenyewe kabla ya mmea. Vishibishe kwanza. Ponda chenga ziwe ndogo kama punje za mahindi au chini ya hapo. Zilowanishe ili vumbi lisikuingie kifuani. Changanya kopo moja la chenga na kopo moja la samadi au mboji, funika, acha wiki mbili au zaidi pakiwa na unyevu. Weka nusu ya tuta tu, nusu nyingine iache, ujionee mwenyewe.

Makaa pia hupunguza tindikali. Kwa udongo mwekundu wenye tindikali hiyo ni faida. Mahali pakavu penye magadi, weka kidogo sana au acha kabisa. Na tafadhali, mtu asikate mti kwa ajili ya hili. Hatari za kwenda kuni mnazijua. Chenga zinatosha.

Kuna mlioniuliza kama makaa husafisha udongo mahali palipotupwa betri. Risasi na kadimiamu hunata kwenye makaa, hivyo mmea huweza kunyonya kidogo kuliko kawaida. Lakini sumu haijaondoka. Imeshikwa tu, bado iko palepale, na mtoto anayecheza na udongo huo anaimeza pamoja na makaa yake. Aseniki ndiyo kabisa: makaa huweza hata kuilegeza. Mahali hapo msipande mboga, mama zangu. Pandeni kwenye magunia, kwa udongo mliouchota kwingine. Na makaa yaliyotokana na mbao za rangi au yaliyochomwa pamoja na plastiki msiyatie humo.

(Muziki unapanda.)