Kupunguza Wanga Bila Kuhatarisha Maisha



Wanga wa ugali, wali na mihogo humeng'enywa ukawa sukari katika damu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa kisukari hupunguza wanga hadi chini ya gramu 50 kwa siku, wakala zaidi mchicha, mayai, samaki na parachichi. Kiasi hicho ni kidogo mno: gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu zipatazo 75.

Hatari huja mgonjwa anapouacha ugali huku akiendelea na kipimo kilekile cha insulini au vidonge vya glibenklamaidi. Sukari huweza kushuka kupita kiasi. Mgonjwa akatetemeka, akatokwa jasho, hata akazirai. Akiwa na fahamu, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizirai, asinyweshwe kitu, awahishwe hospitali.

Basi, kabla ya kubadili mlo, mgonjwa afike kituo cha afya ili dawa zake zipangwe upya. Insulini isiachwe kamwe bila ushauri wa daktari. Wajawazito na wenye maradhi ya figo wasianze mlo huu kwa hiari yao.