Zamu ya Usiku

Twawasalimu ninyi mnaojitayarisha kulala huko Kisauni na Likoni, na pia ninyi ndugu zetu wa Changamwe mnaoshika njia sasa kwenda zamu ya usiku. Bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku na mchana, nacho kivuko cha Likoni huvusha watu hata usiku wa manane. Leo twataka kusema habari za wafanyakazi wengine wa zamu hiyo, yaani viumbe wa porini wanaoamka sisi tunapolala.

Lakini kwanza hatuna budi kuungama jambo moja. Usiku mmoja sisi wazee wa kanisa tuliitwa nyumbani kwa ndugu mmoja wa Likoni. Mtoto wake alikuwa na homa kali, mwili ukiwaka moto. Tulikuwa tumeanza kuomba, mara bundi akalia juu ya paa. Mama wa mtoto akashika kichwa. Bibi yake akasema, "Huyo amekuja kumchukua. Msimtoe mtoto nje." Vijana wakatoka na mawe. Bundi akaruka, kisha akarudi. Basi tukakaa hivyo, milango imefungwa, mpaka alfajiri.

Jirani alikuwa na gari. Kivuko kilikuwa kikifanya kazi. Kilichotuzuia ni ndege. Na sisi wazee, tunaowahubiria watu kila Jumapili kwamba wasiogope, tulinyamaza kimya, kwa sababu mioyoni mwetu tuliogopa vilevile.

Asubuhi daktari alikuta malaria imempanda mtoto kichwani. Akatuuliza, "Mbona mmechelewa, wazee wangu?" Hatukuwa na neno la kumjibu. Mungu alirehemu, mtoto akapona baada ya siku nyingi za kitandani. Lakini swali lile halikutuacha. Tukaona heri tutoke tukautazame usiku wenyewe.

Wageni hulipa fedha nyingi kwa safari ya namna hiyo. Sisi hatukwenda mbali. Mbuga za taifa, kama ile ya Shimba Hills huko Kwale, huwatoa wageni wa kutwa saa 12 jioni, wakati wenyeji wake wa usiku ndipo wanapoamka. Basi tukaenda shambani kwa mmoja wetu, huku huku upande wa Likoni, penye miembe, minazi na mbuyu mmoja mkubwa. Yalikuwa majira ya vuli, na mbuyu ulikuwa umechanua. Tulikuwa wazee wanne na vijana saba. Tulivaa viatu vya kufunika miguu kwa ajili ya nyoka, tukachukua tochi moja tuliyoifunga karatasi nyekundu, kwa kuwa wanyama wengi wa usiku hawasumbuliwi sana na mwanga mwekundu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuizima tochi na kungoja. Jicho la mwanadamu huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kabla halijazoea giza. Mwanzoni hatukuona kitu, na kila jani lilipoanguka tulishikana mikono kama watoto. Kisha, polepole, tukaanza kuona tawi, halafu ua, halafu nyuso zetu wenyewe.

Maua ya mbuyu ni meupe, nayo hufunguka jioni. Kesho yake huanza kunyauka na kuanguka. Ni nani basi anayeyatembelea kwa muda mfupi namna hiyo? Tuliwaona: popo walao matunda, wakija mmoja mmoja kunywa maji matamu ya ua, na kuondoka na unga wa ua manyoyani mwao kuupeleka ua jingine. Kijana mmoja akacheka, akasema, "Kumbe mabuyu mekundu tunayonunua nje ya shule ni kazi ya popo!" Ndivyo ilivyo. Yule tunayemfukuza kwa ufagio hutusaidia kupata ubuyu.

Mara sauti ya mtoto mchanga ikalia juu ya mwembe. Mmoja wetu akataka kukimbia. Tulipoelekeza tochi tukaona macho mawili yanang'aa kama makaa. Alikuwa komba, yule yule asemwaye kwa ulevi kwa kuwa huiba tembo la mgema. Nyuma ya jicho lake pana utando unaong'aa kama kioo, unaorudisha mwanga ili jicho liupate mara ya pili. Mwanadamu hana kioo hicho. Mwenyezi Mungu amempa komba, kwa sababu kazi yake ni ya usiku.

Bundi alikuja mwisho. Hatukumsikia, maana manyoya ya mabawa yake yana kingo laini zinazoua sauti. Alipita juu ya vichwa vyetu, akashuka majanini, akainuka na panya miguuni. Tukatazamana. Tulikumbuka ile nyumba ya mgonjwa: gunia la mahindi barazani, na jaa la taka nyuma ya jiko. Bundi alikuwa amefuata panya. Kama alikuwa na habari yoyote ya kutuletea, ilikuwa habari ya panya.

Ndugu msikilizaji, soma Zaburi ya 104. Humo mwimbaji anamsifu Mungu kwa kuleta giza, ili wanyama wa mwitu watoke na kutafuta chakula chao kwake. Na jua lichomozapo wao hurudi kujilaza, naye mwanadamu hutoka kwenda kazini. Ni zamu mbili, na Bwana wa zamu zote mbili ni mmoja. Hata Torati, iliyomkataza Mwisraeli kumla bundi na popo, haikumwambia awaogope.

Hatusemi kwamba usiku hauna hatari. Nyoka yupo, na mbu wa malaria huuma usiku. Tuogope basi panapostahili. Mtoto akipata homa kali saa nane ya usiku, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata bundi akilia juu ya paa. Waiteni majirani, ombeni mkiwa njiani. Na ninyi wazee wenzetu, mkiitwa katika nyumba kama ile, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeumba mchana na usiku, utusamehe hofu yetu iliyomchelewesha mtoto wako. Uwalinde walio kazini usiku huu, bandarini, kivukoni na mahospitalini. Utufungue macho, tuone kazi ya mikono yako hata gizani. Amina.