Gari la Mradi Limezeeka: Je, Tubadilishe Oili ya Giaboksi?

Maelezo ya Mratibu wa Miradi katika mkutano wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wetu wafadhili

 

Swali mlilotuletea ni moja. Prado la mradi wa maji ni otomatiki na limetembea zaidi ya kilomita 280,000. Je, oili ya giaboksi ibadilishwe au iachwe kama ilivyo? Baadhi yenu mnasema oili ya zamani ikiguswa gari litakufa. Hofu hiyo ina chanzo chake. Wengi mnalikumbuka gari letu la kwanza: lilibadilishwa oili gereji, na kabla ya wiki mbili kwisha likakataa kupanda mlima likiwa limebeba mabomba. Sharika zikachangishwa upya. Ofisi yetu haijasahau aibu ile.

Lakini kuna jambo ambalo hatukuwaambia wakati ule, na leo tunalisema. Gari lile lilipelekwa gereji kwa sababu gia zilikuwa tayari zinateleza: injini inalia, gari haliendi. Pleti za klachi zilikuwa zimekwisha kulika. Oili mpya ilimkuta mgonjwa yuko mahututi, nasi tukailaumu dawa. Mafundi wengi husema kwamba unga wa pleti ulioko ndani ya oili chakavu huzisaidia pleti zilizolika kushikana, na ukiuondoa kinabaki kuteleza. Tena oili mpya ina viungo vya kusafisha. Uchafu ulioganda unaweza kubanduka na kuziba vinjia vya valvu, hasa oili ikisukumwa kwa mashine, kama tulivyofanyiwa.

Kwenye giaboksi ya otomatiki oili ina kazi zaidi ya kulainisha. Presha yake ndiyo inayozikaza pleti ili gari liende, na ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye kipoozeo. Joto ndilo linaloichakaza. Gari linalopanda milima polepole na mzigo mzito, kama letu, linaichosha mapema kuliko gari la mjini linalopeleka watoto shule. Wako wanaosema ni oili ya maisha yote ya gari. Sisi tunauliza, maisha ya miaka mingapi?

Sasa hali ya Prado. Gia zinaingia bila kushtuka wala kuteleza. Kwenye stiki ya kupimia oili imekuwa kahawia, haina tena wekundu wake, lakini hainuki kuungua. Kumbukumbu za matengenezo hatuna, kwa kuwa lilinunuliwa likiwa limetumika Japani, na kibandiko kilichomo chini ya boneti kimeandikwa Kijapani. Tumelitazama miaka yote hii kama picha ya ukutani!

Kwa hiyo tunapendekeza ibadilishwe sasa, wakati gia bado ni nzima, tena bila mashine. Nati ya chini ifunguliwe, oili itoke yenyewe, na tujaze kiasi kile kile kilichotoka. Inayotoka hivyo ni sehemu tu, kwa kuwa nyingi hubaki ndani ya toki konveta na kwenye mipira ya kipoozeo. Ndiyo maana tutarudia mara mbili, kila baada ya kilomita elfu moja hivi, ili mabadiliko yawe ya polepole. Mara ya kwanza sampo itashushwa na filta kubadilishwa.

Aina ya oili ifuate kitabu cha gari. Tusikubali kuambiwa dukani kwamba zote ni sawa: Toyota wenyewe wanasema, kwa mfano, kwamba T-IV na WS hazibadilishani.

Fungu la mafuta na matengenezo la robo hii halitoshi, na tunaomba kibali cha kuhamisha kiasi kidogo kutoka fungu la safari. Hatuwezi kuahidi kwamba giaboksi haitaharibika. Ndani ya sampo kuna sumaku. Tukikuta tope laini la kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida na tutaendelea. Tukikuta vipande vya chuma, tutasimama, hatutamwaga fedha zenu kwenye oili, na tutawaandikia mapema kuhusu matengenezo makubwa.

Mzee wetu mmoja wa kamati bado anapinga. Tumemwomba afike gereji Jumanne saa mbili asubuhi, sampo itakaposhushwa, aione sumaku kwa macho yake. Amekubali, ila amesema atakuja na chupa yake ya chai, maana anawajua mafundi.